Waya Mmoja Kati ya Tisa

Mtoto wa mjomba wangu yuko Mombasa, na wiki iliyopita alinitumia picha ya gari la umeme, Nissan Leaf nyeupe, aliyoiona kwenye tovuti ya wauza magari wa Japani. "Dada, si ndiyo gari kama lako hii? Niagize?" Nikamwambia asubiri, nitamjibu vizuri. Jibu likawa refu kuliko WhatsApp inavyobeba, na wanaoniuliza swali hilo si yeye peke yake, kwa hiyo naliandika hapa.

Gari langu ni Leaf ya 2018, betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 za umeme, lililotengenezwa hapa hapa Uingereza, Sunderland. Nililinunua mkononi mwa mtu kwa sababu lilikuwa gari la umeme pekee nililoweza kulilipia bila kukopa. Ninalipenda. Limenipeleka kazini zamu za usiku miaka mitatu bila kuniangusha hata siku moja. Ila naishi Leicester kwenye nyumba za safu, mlango ukifunguka uko barabarani, huna pa kuegesha wala pa kupitisha waya. Sijawahi kuchaji nyumbani. Nategemea chaja za umma kwa kila kitu, iwe ni kwenda sokoni au safari ya mbali.

Safari ninayotaka kuisimulia ni ya Desemba 2024. Mdogo wangu aliyeko Glasgow alikuwa amepata mtoto, na akika ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga mwezi mmoja nyuma, kwa hiyo Jumamosi tukaondoka watatu: mimi, mama, na mwanangu wa miaka tisa. Leicester hadi Glasgow ni kama maili 300, yaani kilomita 480 hivi, karibu sawa na Nairobi hadi Mombasa. Kwenye karatasi gari langu huenda maili 168 kwa chaji moja. Baridi ya nyuzi nne, kwenye motorway, yaani barabara kuu za kasi za huku, mvua ikipiga kioo cha mbele, mimi nahesabu 110 na nashukuru nikizipata.

Tuliondoka saa mbili asubuhi betri imejaa, nikashika maili 60 kwa saa nyuma ya malori. Hita nikaizima, nikaacha joto la viti peke yake, maana hita inakula betri. Mama alikuwa amevaa koti, juu ya koti blanketi, na juu ya blanketi khanga, akasema yeye hana neno.

Kusimama kwa kwanza, karibu na Sandbach, hakuna la kusimulia. Tulichomeka, tukaenda chooni, tukarudi, dakika thelathini zimetosha. Kituo cha pili, kusini ya Lancaster, tulikuta foleni. Waya wa aina yetu ulikuwa mmoja na mbele yetu alikuwepo mtu. Tukangoja dakika arobaini. Zamu yetu ilipofika, nyuma yetu akaingia dada mmoja na Leaf ya zamani kuliko yangu, ile yenye betri ndogo, mtoto mchanga analia kiti cha nyuma, kwenye dashibodi yake imebaki asilimia 9. Nilikuwa nimepanga kujaza hadi 85. Nikachomoa kwenye 63. Mbele kulikuwa na kituo kingine nilichokuwa nimekiweka kwenye ramani, na 63 ilikuwa inanifikisha pale bila wasiwasi.

Hapa lazima nieleze hizi plagi, maana ndiyo habari yenyewe. Leaf kama yangu huchaji haraka kwa plagi inayoitwa CHAdeMO, ya Kijapani. Ilianza 2010, mwaka ule ule ambao Leaf za kwanza ziliingia sokoni. Wajapani waliitunga herufi zake ziwe na maana ya kuchaji na kwenda, lakini pia zinakumbusha maneno yao ya kumkaribisha mtu chai: chaji gari, na wewe unywe chai. Ulaya baadaye ikachagua plagi nyingine, CCS, na magari karibu yote yanayouzwa huku sasa yanatumia hiyo. Hata Nissan wenyewe, walipoleta Ariya, gari lao jingine la umeme, Ulaya mwaka 2022, waliipa CCS. Kwa hiyo kila kituo kipya kinachojengwa kinajazwa nyaya za CCS, na CHAdeMO inawekwa moja pembeni, au haiwekwi.

Kituo changu cha tatu kilikuwa nje kidogo ya motorway, nyuma ya hoteli. Sitakitaja jina. Tulifika saa saba kasoro dakika kumi mchana, betri asilimia 27. Nikahesabu nyaya: tisa. Nane CCS, mmoja wetu. Watu wanachaji, taa za kijani zinawaka, kila kitu kinaonekana kizuri. Nikanyanyua plagi yetu, na anayeijua CHAdeMO anajua ilivyo nzito, kama pasi ya mkaa, ina mpini na kitufe cha kufungulia. Ukiisukuma ndani unatakiwa usikie "tak" ya kufuli. Nikasukuma, kimya. Nikasukuma tena kwa mikono miwili, nimeegemea kwa mwili mzima. Kimya. Skrini ikaandika unganisha gari, ikageuka, ikaandika kosa, ikarudi mwanzo.

Sheria mpya za chaja za umma za huku zinataka kila chaja iwe na namba ya msaada ya bure, saa 24. Na wiki chache tu kabla ya safari yetu, tarehe 24 Novemba 2024, kilikuwa kimeanza kipengele cha kuzitaka chaja za haraka zote zipokee kadi ya benki kwa kugusa, na mitandao ya chaja hizo ifanye kazi asilimia 99 ya muda. Nashukuru kwa sheria hizo. Namba ilipokelewa, na kijana aliyepokea alikuwa mwema, akaizima chaja na kuiwasha kutoka huko aliko, mara mbili. Mara ya tatu akaniambia haioni kabisa ule waya. Ninachowaomba wanaotunga sheria wakiangalie ni hiki: ile 99 ni wastani wa mtandao mzima wa kampuni kwa mwaka mzima. Kituo kile siku ile kilikuwa kinachaji magari manane kwa pamoja. Kwa mwenye CCS kilikuwa kituo kizuri sana. Kwangu hakikuwepo.

Kosa langu na mimi nalisema. Kwenye Zap-Map, ramani ya chaja wanayotumia wengi huku, watu huandika walichokikuta, na tarehe. Niliona alama ya CHAdeMO nikaridhika. Sikufungua kusoma kwamba wa mwisho kuandika amefanikiwa kwa waya ule aliandika mwezi wa tisa.

Chaja iliyofuata yenye waya wetu ilikuwa Penrith, maili 22, na katikati yake kuna mlima wa Shap, ambako motorway yetu, M6, inapanda zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa pale na mvua inapiga bati la gari. Kupandisha gari langu na watu watatu hadi pale juu kunakula kama asilimia 3 au 4 ya betri, hiyo si kubwa. Kinachokula zaidi ni upepo wa mbele na maji barabarani. Nikaweka maili 50 kwa saa, taa za tahadhari tayari, mkono wa kushoto kabisa wa barabara. Hata joto la viti nikazima.

Mwanangu ndiye alikuwa anasoma namba. Ishirini na moja. Kumi na nane. Kumi na tano. Halafu akanyamaza, nikamuuliza, akasema, "Mama, maili zimepotea." Leaf ikiishiwa, namba ya maili zilizobaki inaondoka, vinabaki vistari vitatu. Inakuacha uendeshe bila kukuambia kitu. Nilijua kinachofuata baada ya hapo ni kile kitaa cha kobe, gari linapopunguza nguvu lenyewe. Mama alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, bila kusimama, na mimi sikutaka asimame. Tulipovuka kilele na barabara ikaanza kuteremka, nikaondoa mguu, gari likaanza kujirudishia chaji kidogo kidogo, na mikono yangu ndipo ikaacha kutetemeka kwenye usukani.

Penrith tuliingia na asilimia 6. Chaja ilikuwa moja, nyuma ya maduka, na juu yake limesimama gari la mizigo la Nissan, e-NV200, ndugu wa Leaf, plagi ile ile. Mwenyewe alikuwa ndani anakula mkate, mzee wa miaka sitini na kitu, fundi wa mabomba kwa maandishi ya ubavuni. Sikumwomba. Nilitelemka tu kuangalia skrini yake imefika wapi, akaiona dashibodi yangu kupitia kioo, vile vistari, na mama amejifunga khanga. Akatoka kwenye mvua akachomoa. Nikamwambia hapana, wewe umefika kwanza. Akasema yeye nyumbani kwake ni maili kumi tu, na kwamba mwaka jana yeye alivutwa na lori la msaada kutoka pale pale mlimani kwa sababu ya waya ule ule wa nyuma ya hoteli. Ule ule. Mwaka mzima nyuma.

Mama akamwita kwa mkono, akafungua chupa ya chai. Tangawizi, maziwa, sukari ya Tanga, yaani nyingi. Mzee akakaa kiti cha mbele kwangu, nami nikahamia nyuma na mtoto. Hawakuwa na lugha moja wale wawili, ila maandazi yaliisha.

Pale tulikaa saa nzima na dakika tano. Hili nalo mjue: betri ya Leaf kama yangu haina mfumo wa kuipoza kwa maji, inapozwa na upepo tu. Ukiichaji haraka mara ya kwanza inapokea vizuri. Mara ya pili na ya tatu siku hiyo hiyo, imeshapata joto, gari lenyewe linapunguza kasi ili kuilinda. Asubuhi nilikuwa napokea kilowati 40 na kitu; Penrith ilianza hivyo hivyo, ikashuka hadi 24. Kwa safari ndefu hesabu kwamba kila kusimama kutakuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Mama alipata nafasi ya kuswali Adhuhuri bila haraka. Baada ya hapo tulisimama mara moja zaidi ndani ya Scotland, giza limeshaingia, na Glasgow tulifika saa kumi na mbili kasoro jioni.

Usiku nikajumlisha risiti. Uniti 72 za njiani, bila betri niliyoondoka nayo, zile zile uniti tunazozihesabu kwenye mita ya LUKU, kwa pensi 79 kila moja: pauni 57 kasoro senti chache. Uniti hizo hizo, kwa mwenye mahali pa kuchaji nyumbani, ni kama pensi 25 kila moja, yaani pauni 18. Tena kwenye risiti yangu VAT ni 20%, na umeme wa nyumbani unatozwa 5%. Gari dogo la petroli lingetumia kama lita 30 njia ile, pauni 41 hivi kwa bei ya mwezi ule. Kwa hiyo aliye na nyumba yenye uwanja, akichaji kwake, anasafiri kwa bei ya chini kuliko petroli, na anayeishi kwenye nyumba za safu analipa zaidi ya petroli, kwa umeme ule ule. Hili linaniuma kuliko foleni.

Sasa, mdogo wangu wa Mombasa. Gari ni zuri na mafundi wanalijua. Lakini kabla hujatuma hela Japani, chukua barabara unayoisafiri kweli, na uhesabu chaja za haraka zenye waya wa CHAdeMO. Usihesabu chaja, hesabu waya. Kisha pigia kila mmoja simu uulize lini mara ya mwisho Leaf imechaji pale. Ukikuta sehemu ina mmoja tu na unaofuata uko mbali kuliko gari linavyoweza kwenda, hesabu kwamba hapana chaja. Angalia pia soketi ya kuchaji taratibu: langu la huku ni la matundu saba, Leaf za soko la Japani zina soketi ya matundu matano, na waya wa moja hauingii kwenye nyingine. Adapta zipo. Hata ya kugeuza CCS kuwa CHAdeMO ipo sasa, inatoka China, bei yake ni mamia ya pauni. Mimi bado naichangia kidogo kidogo.

Tuliporudi Leicester niliwaandikia wenye kituo cha nyuma ya hoteli, nikawapa tarehe, saa, namba ya chaja na picha ya skrini. Walijibu baada ya siku kumi na moja. Waliomba radhi, wakasema waya wa CHAdeMO pale umesitishwa na hakuna mpango wa kuurudisha, kwa kuwa wanaoutumia wamepungua. Kwenye tovuti yao alama yake bado ilikuwepo. Nikafungua ramani, nikaandika kwa herufi kubwa: CHAdeMO HAPA HAUFANYI KAZI, HAURUDI, KAMA UNATOKA KUSINI JAZA LANCASTER HADI 85 NDIPO UONDOKE. Mpaka leo naingia kila mwezi kuangalia kama maneno yangu bado yapo.