Kumi na tatu kwa sifuri

Jamani, sauti bado haijarudi. Msimu huu wa 2023 Tampa Bay Rays, timu yetu ya besiboli ya Florida, tumecheza mechi 13, tumeshinda zote 13! Leo mchana tumewapiga Boston 9-3. Tangu mwaka 1900 ni timu mbili tu zilizowahi kuanza msimu wa besiboli hivi: Atlanta 1982 na Milwaukee 1987.

Mechi tisa za kwanza hakuna aliyetukaribia, kila moja tuliimaliza kwa tofauti ya mikimbio (ndiyo alama za besiboli) minne au zaidi. Oakland tuliwachapa 11-0, kesho yake tena 11-0.

Ila niliyoipenda kuliko zote ni ya Jumatatu. Tulifika ingi ya nane, yaani awamu ya nane kati ya tisa za mchezo, bado 0-0. Viganja vinanitoka jasho, mama aliyekaa pembeni yangu kashika karanga mkononi hali tena. Mpigaji wetu Brandon Lowe akautandika, mpira ukapaa chini ya lile paa la uwanja wetu, Tropicana Field, hadi ukavuka ukuta. 1-0! Tulikumbatiana na yule mama, na hata majina hatujuani.

Najua mtasema ratiba imetubeba. Ni kweli, Washington na Oakland tuliocheza nao, mwaka jana kila mmoja alipoteza mechi zaidi ya 100, na msimu wenyewe una mechi 162. Mimi kinachoninyima raha ni kiwiko cha mrushaji wetu Jeffrey Springs. Kijana alikuwa anarusha vizuri mno, leo katoka katikati ya mchezo. Mungu amponye haraka.

Kesho tuko Toronto. Zamu ya kazini nimeshabadilishana.