Siku moja maishani mwangu: mimi na kasa wa Watamu

Ukimwambia mtu kazi yako ni kuokoa viumbe wa baharini, anafikiria nyangumi amekwama ufuoni, umati wa watu na kamera za tivii. Huku kwetu Watamu, pwani ya Kenya, siku nyingi ni simu ya mvuvi, kasa aliyenaswa kwenye nyavu, na mimi na mwenzangu tumebanana kwenye tuktuk na turubai letu.

Saa kumi na moja alfajiri tuko ufuoni tunatafuta nyayo za kasa waliopanda usiku kutaga. Saa moja chai na mahamri, halafu kusafisha matangi na kulisha kasa wagonjwa kituoni.

Saa tatu na kitu simu ikalia. Mzee mmoja wa upande wa Mida, jarife lake, wavu mkubwa wa kuvulia, limeshika kasa mkubwa. Hapo ni mbio, maana kasa anavuta hewa kama sisi, akibanwa chini anakufa maji, akitolewa akaachwa juani pia anakufa. Na ilikuwa bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yamekupwa kabisa, tuktuk ikaishia kwenye mchanga tukashuka tukakanyaga matope ya mikoko mpaka magotini, jua linawaka.

Kufika tukakuta kasa kafunikwa gunia bichi, nikashukuru Mungu. Nikamtolea pesa kidogo tunayompa mvuvi anayetupigia simu, lakini mzee hataki kumuachia kasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, tizama hii nyavu ilivyoraruka. Hiyo pesa yenu itashona nini? Kuna mtu kanipigia saa hii anataka nyama na mafuta."

"Naelewa baba, ila sisi hatununui kasa. Hii ni ya muda wako na simu uliyopiga."

Akakataa, tukaanza upya, akakataa tena, vijana wakajaa kila mmoja na lake, mmoja anataka amkalie kasa apigwe picha nikamzuia, na muda wote huo mnyama anahema pale. Sikumtishia mzee na sheria. Anajua kasa analindwa, sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi, lakini mzee ukimtisha leo kesho hapigi simu, na bila simu yake mimi siokoi chochote. Mwenzangu ndiye aliyemkumbusha ya Pemba, kisiwa cha Panza, Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima mmoja walivyokufa kwa kula nyama ya kasa, na sumu ile haitoki hata uchemshe vipi. Mzee akasema alisikia redioni. Akanyamaza kitambo, akamwita mwanawe aje ashike upande mmoja wa turubai. Mwenzangu akabaki nyuma kumsaidia kushona nyavu, na hilo hakuna anayetulipa.

Kasa yule alikuwa na jeraha la kamba kwenye pezi, limekata ndani, hakuwa wa kuachiwa siku hiyo. Mzigo wa kilo 100 hivi kwenye matope, watu wanne, unapiga hatua kumi unapumzika. Mgongo unauma mpaka leo. Lakini kasa kama huyu amechukua miaka 20 na zaidi kufikia umri wa kutaga, siwezi kumuangusha njiani.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Daktari akamshughulikia, chakula nilikula kimepoa, simu nyingine ikaja, ng'amba mdogo, aina nyingine ya kasa, mzima kabisa, tukampima, tukamtia namba kwenye pezi, tukamuachilia ndani ya hifadhi. Kuandika ripoti nilimaliza giza limeingia.

Wanaosema tunalipwa kucheza na kasa, karibuni siku ya bamvua. Na ndugu zangu wavuvi, mkimpata msimgeuze chali, muwekeni kivulini, mfunikeni gunia bichi lakini pua iwe wazi, kisha pigeni simu. Hata iwe usiku, tunakuja.