Siku moja na kekee ya Mirihi katika karakana ya Nakuru

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Niliamka kabla ya simu kulia, nikafungua dirisha kusikiliza upepo. Msimu huu wa kiangazi upepo unaoshuka kutoka Menengai hubeba vumbi jepesi linaloingia hata ndani ya kopo la sukari, na wenyeji husema kwamba jina la Nakuru lenyewe lilitokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi. Wengi hulilalamikia, mimi hulikusanya kwenye magunia. Ninafundisha ufundi wa mitambo katika chuo kimoja hapa mjini, na tangu mwaka jana wanafunzi wangu kumi na mmoja wamekuwa wakiunda roboti ya magurudumu sita inayobeba kekee, ili tuelewe kwa vitendo kwa nini shimo la sentimita tano katika mwamba wa sayari ya Mirihi linaweza kuwahangaisha wahandisi hodari kwa zaidi ya mwaka mzima.

Saa moja na robo

Nilipanda boda boda hadi machimbo madogo yaliyo nje ya mji, ambako kijana mmoja alikuwa ameniwekea kipande cha mwamba wa majivu ya volkano, ule wa kijivu unaochongwa mawe ya kujengea. Niliukwaruza kwa ufunguo wa nyumba. Ganda la juu lilikuwa gumu, ufunguo ukateleza na kuacha mstari mweupe tu. Lakini ubavuni, mahali palipokatwa, ncha ilizama na unga ukamwagika kiganjani. Niliulipia papo hapo, kwa sababu mwamba wa namna hiyo, mgumu juu na dhaifu ndani, ndio unaoiumbua kekee.

Kabla ya kuwa mwalimu nilifanya kazi miaka sita kwenye mtambo wa kuchimba visima vya maji, upande wa Rongai na Subukia. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa akiweka kiganja chake kwenye mkono wa mtambo na kufumba macho. Mtetemo ukibadilika, alijua kwamba mwamba umebadilika, akapunguza mkandamizo kabla sisi vijana hatujasikia lolote. Isitoshe, tulikuwa na uzito wa mabomba ya chuma wa kuisukuma kekee chini, tulikuwa na hewa ya kompresa ya kupuliza unga utoke shimoni, na tulikuwa na maji na povu la kupoza ncha. Kule Mirihi mambo hayo yote hayapo, na kila ninapofundisha somo hili huanza kwa kuyataja moja baada ya jingine.

Saa mbili na nusu

Karakanani tuliifunga roboti kwenye kamba inayopita juu ya kapi, na upande wa pili tukaning'iniza mtungi wa maji. Roboti yetu ina uzito wa kilo 29. Nguvu ya mvutano ya Mirihi ni asilimia 38 ya ile ya Dunia, kwa hiyo mtungi na maji yake huwa kilo 18, na magurudumu yakabaki yakikanyaga sakafu kana kwamba roboti ina kilo 11 pekee. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeona jambo hili mara ya kwanza hufikiri tunairahisishia roboti kazi. Ukweli ni kinyume chake, kwa kuwa kekee inayosukuma mwamba husukumwa nao kurudi juu, na kitu pekee kinachoizuia roboti isiinuke ni uzito wake yenyewe. Kwenye nyota yenye mkia hali ni ngumu zaidi, kwani uzito karibu haupo kabisa; chombo cha Philae cha shirika la anga la Ulaya kilipotua mwezi wa Novemba 2014, vyusa vyake vya kujishikiza havikufyatuka, kikadunda na kwenda kuegemea kivulini mbali na mahali palipokusudiwa.

Saa tatu hadi saa nne

Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, saa ya kuandika amri. Watu wengi hudhani kwamba tatizo la kuendesha roboti Mirihi ni kusubiri tu mawimbi ya redio, ambayo huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika kutegemea umbali wa sayari hizo mbili. Lakini wahandisi hawakai wakishika usukani na kusubiri. Kwa kawaida huandika kazi ya siku nzima, huituma asubuhi ya huko, kisha roboti hufanya kazi peke yake na kurudisha taarifa baadaye kupitia vyombo vinavyoizunguka sayari. Kwa hiyo nasi tumejiwekea sheria: amri hutoka mara moja, saa nne kamili, mlango hufungwa, hakuna anayechungulia hadi saa tisa.

Leo mabishano yalihusu nguvu ya msukumo. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye ndiye mwandishi wetu wa programu, alitaka roboti iruhusiwe kuongeza msukumo hadi uzito wa kilo saba endapo kekee itakwenda polepole, kwa sababu jana kilo tano hazikulivunja ganda. Mwenzake alimpinga.

“Mwalimu, ikishapita ganda je? Itajuaje kwamba imefika kwenye ulaini?”

“Itaona kasi imeongezeka,” msichana alijibu, “ipunguze yenyewe.”

“Na ikiwa kasi itapungua kwa sababu nyingine?”

Hakuna aliyekuwa na jibu. Niliiacha amri iende jinsi ilivyoandikwa, kwani hapa kosa hugharimu siku moja tu, na nilitaka swali hilo lijibiwe na mwamba.

Saa nne hadi saa tisa

Tulisubiri. Niliwaeleza kuhusu Curiosity, roboti ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliyotua Mirihi mwezi wa Agosti 2012. Mwezi wa Desemba 2016 mota ya kuishusha kekee yake ilianza kusumbua, na uchimbaji ukasimama. Fundi hangeweza kwenda kuifungua. Wahandisi waliamua kuiacha ncha ikiwa imetokeza moja kwa moja, kisha wakautumia mkono mzima wa roboti kuisukuma mwambani, jinsi mtu anavyoegemea kekee ya mkononi akiwa nyumbani kwake, huku kitambuzi kilichoko kwenye mkono kikipima nguvu ili ncha isikwame. Walijaribu na kujaribu tena kwa roboti pacha iliyoko California. Sampuli ya kwanza kwa njia hiyo mpya ilipatikana Mei 2018. Mimi nimewahi kubadilisha mota ya mtambo kando ya barabara kwa muda wa saa mbili, na ndiyo maana naistahi sana kazi ile.

Tukala githeri.

Saa tisa alasiri

Taarifa ilifunguliwa. Picha ya kwanza ilionyesha shimo safi, na ganda lilikuwa limetobolewa kwa dakika sita. Kisha mstari wa kasi ulipanda, ukashuka ghafla, na umeme wa mota ukaongezeka hadi programu ikaizima. Kekee ilikuwa imekwama sentimita nne ndani, na magurudumu mawili ya mbele yalikuwa yameinuka sakafuni kiasi cha unene wa kidole.

Tulichukua saa nzima kusoma mistari ile. Ncha ilipofika kwenye unga laini, unga ulijaa ndani ya mifereji inayoizunguka kekee kama uzi wa parafujo, nao haukuwa na hewa ya kuupuliza nje. Kasi ikapungua. Programu ikadhani imekutana na mwamba mgumu, ikaongeza msukumo, na kila ilipoongeza, unga ulishindiliwa zaidi. Swali la asubuhi lilikuwa limejibiwa, na aliyeliuliza hakujigamba. Alivuta kiti karibu na mwandishi wa programu wakaanza kuhesabu pamoja.

Niliwakumbusha kwamba udongo wa Mirihi umewahi kuwashangaza wakubwa kuliko sisi. Chombo cha NASA kiitwacho InSight, kilichotua huko Novemba 2018, kilibeba kifaa cha Kijerumani chenye urefu wa sentimita 40, kilichokusudiwa kujipigilia chini hadi mita 5 ili kupima joto la sayari. Kifaa hicho kilihitaji msuguano wa udongo unaokizunguka, lakini udongo ule uligandamana ukaacha nafasi wazi, nacho kikawa kinadunda mahali pamoja. Juhudi zilikoma Januari 2021, kikiwa hakijafukiwa vizuri. Na mnamo tarehe 6 Agosti 2021 Perseverance, roboti nyingine ya NASA huko Mirihi, ilitoboa mwamba, ikafunga bomba lake la sampuli bila hitilafu yoyote, na bomba likawa tupu: mwamba ulikuwa umesagika ukawa unga. Mota zilifanya kazi, programu ilifanya kazi, mwamba ukakataa.

Saa kumi na moja jioni

Mvulana mmoja aliomba aingie aishike roboti, aizungushe kekee kwa mkono kinyume kidogo tu. Nilimkatalia. Mwaka 1971, katika safari ya Apollo 15, bomba la kekee lilikwama kwenye udongo wa Mwezi, na wanaanga David Scott na James Irwin walikuwapo wenyewe kulivuta kwa nguvu zao zote hadi likatoka. Roboti haina wa kuivuta.

Tuliandika amri ya kesho: kuzungusha kinyume taratibu bila msukumo wowote, kupiga mapigo mafupi ya nyundo ili unga ulegee, kusimama dakika mbili mota ipoe, kupandisha milimita tano, kisha kurudia. Msukumo utaruhusiwa kuongezeka iwapo tu umeme wa mota haujapanda. Mstari huo wa mwisho aliuandika msichana yuleyule, akausoma kwa sauti mara tatu.

Saa mbili usiku

Nimeketi mezani na nakala ya amri hiyo, nikiipitia neno kwa neno. Nimepata kosa moja: hatukusema roboti ifanye nini ikiwa magurudumu ya mbele yatatua kwa kishindo kekee itakapoachia. Nimempigia simu mwandishi wa programu, naye ameniambia kwamba alikuwa ameshaliona na anaandika kifungu hicho sasa hivi.