Daftari na chai ya tangawizi: nilivyoacha kucheza poka kwa hasira

Neno "tulia" limenigharimu pesa nyingi kuliko karata mbaya. Kila aliyeniona nimekunja uso mezani aliniambia tulia kaka, mchezo tu huu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nitulie vipi. Basi nikawa natulia usoni, ndani nachemka, na visoda vyangu vinahamia kwa wenzangu.

Nasema visoda kwa sababu ndivyo tunavyochezea. Kila Ijumaa usiku tunakutana Kinondoni, sebuleni kwa rafiki yetu, watu sita au saba. Vya rangi ya chungwa ni shilingi mia, vyeusi mia tano. Kiingilio elfu kumi hivi, mshahara ukitoka tunapandisha kidogo. Ni poka ya kawaida: kila mtu karata mbili za siri, tano zinafunuliwa mezani, mwenye mkono mkubwa, yaani karata bora kuliko wenzake, anachukua.

Mkono mkubwa kuliko yote wa kuanzia nao ni ree mbili, zile karata zenye herufi A. Kwa hesabu, unazipata mara moja kati ya 221. Sisi tunagawa karata kama mara 25 kwa saa, kwa hiyo unaweza kumaliza Ijumaa mbili hujaziona. Zikija, moyo unaziona kama mshahara uliocheleweshwa. Sasa mtu akikunyang'anya mshahara huo, unamtazama kama mwizi.

Usiku ulionifunza ulikuwa hivi. Nilipata ree ya kopa na ree ya shupaza. Nikapandisha dau, shemeji yangu aliyekaa kushoto kwangu akapandisha juu yangu, nikasukuma vyote katikati. Akafuata, akafunua nane mbili. Hapo mimi nashinda mara nne kati ya tano. Zikaja tatu za kwanza, hakuna nane. Ya nne, hakuna nane. Zimebaki karata 44 tusizozijua, na ndani yake nane ni mbili tu, yaani nafasi yake moja kati ya 22. Karata ya mwisho ikafunuliwa: nane ya uru. Naikumbuka ilivyotua, imeegemea kidogo juu ya mfalme wa pau, madoa yake mekundu yote yananitazama.

Shemeji hakushangilia. Alisema tu, "Pole shem." Ile pole ndiyo iliyonichoma.

Nikanunua tena hapohapo. Mgao uliofuata nilishika tisa na nne, hazifanani hata alama, mkono ambao siku zote nautupa bila kufikiri. Nikafuata dau. Nilifuata kwa sababu moja tu, kwamba dau lile lilikuwa la shemeji. Nikapoteza. Nikaendelea kumwandama yeye, nikisahau kabisa wengine wapo, na mzee mmoja mpole wa kona ile akanichukulia nusu ya visoda bila hata kuinua sauti. Kabla ya nusu saa nilikuwa nimenunua mara ya tatu, kwa pesa niliyoachiwa kujaza gesi. Ilipokwisha nilifagia meza kwa mkono. Visoda vikatawanyika, kimoja kikagonga glasi, na mtoto wa mwenye nyumba akatokea mlango wa koridoni, yuko na nguo za kulala, akanitazama. Sikuaga. Nilipanda bodaboda nikaondoka.

Wiki ile nilipewa ushauri wa kila aina. Mmoja alisema hesabu mpaka kumi. Nilijaribu. Nikifumba macho na kuhesabu, wenzangu wote walijua nimeumizwa, na mtu aliyeumizwa mezani ni kama samaki anayevuja damu. Dau zikawa zinanijia kubwa mara tu ninapofumbua macho. Mwingine akasema bia mbili zingenilegeza. Bia ililegeza mkono unaotoa pesa, hasira ikabaki palepale. Wa tatu akanitajia Phil Hellmuth, yule Mmarekani anayejulikana kwa kufoka mezani: si alikuwa bingwa wa dunia 1989 akiwa na miaka 24, si amekusanya bangili za ubingwa zaidi ya 15? Nilimjibu kwamba Hellmuth ana kipaji cha kulipia kelele zake. Mimi sina, na wengi wanaojifariji kwa mfano wake hawana pia.

Kilichonisaidia kilianza na daftari dogo la shule, lile la kurasa 48. Nilijiwekea sharti: likiisha dau kubwa, nishinde au nipoteze, naandika papo hapo nilishika nini, mwenzangu alishika nini, pesa zote ziliingia lini, na nafasi yangu ilikuwa ngapi. Na mgao ninaoandika, sichezi, natupa karata bila kuziangalia. Wale jamaa mwanzoni walinishangaa, baadaye wakazoea. Mtu anayehesabu karata 44 na kuandika kwa mkono hawezi wakati huohuo kupanga kisasi, nimelihakikisha hilo mwenyewe.

Lakini faida kubwa niliipata miezi mitatu baadaye, nilipokaa na kulisoma lote. Mara 27 niliweka kila kitu mezani nikiwa na nafasi ya nne kwa tano au karibu na hapo. Nilipoteza 6. Sita! Moyoni ningeapa ni ishirini. Kwa hesabu ilitakiwa iwe tano na kitu, kwa hiyo hakuna aliyenionea, wala shemeji, wala karata. Halafu nikajumlisha pesa. Zile mara sita hazikuwa zimenimaliza. Pesa nyingi zilikuwa zimepotea katika dakika ishirini zinazofuata, kwa tisa na nne, kwa jeki na mbili, kwa takataka nilizokuwa nazifuata ili nimwonyeshe mtu. Nilikaa na lile daftari jikoni mpaka mke wangu akaja kuuliza kama kuna msiba.

Tangu siku ile nikaacha kupigana na hasira yenyewe. Hasira inakuja tu. Ukipigwa na karata moja kati ya 22, damu inapanda, huo ni mwili. Kazi yangu ni kuzilinda zile dakika ishirini.

Na hapo ndipo ilipoingia chai, jambo ninalolionea fahari mpaka leo. Nabeba chupa yangu ya chai ya rangi, tangawizi nyingi imepondwa, moto wa kuunguza ulimi. Nikimaliza visoda vyote siruhusiwi kununua tena mpaka nimalize kikombe kizima. Chai ile haibugiwi. Unapuliza, unaonja, unaweka chini, unapuliza tena. Karata zinagawiwa, unawaona wenzako wanapigwa vilevile kama ulivyopigwa wewe, na wao wanameza. Kikombe kinachukua kama dakika kumi na tano, na mara nyingi kikiisha nagundua sitaki tena kununua, nataka kwenda kulala. Maji baridi nilijaribu, yanaisha kwa mkupuo mmoja, hayafai.

Kitu kingine ni kuijua dalili yako kabla wengine hawajaijua. Mimi ni vidole. Yule mzee wa kona aliniambia, "Mwanangu, ukikasirika unazikunja karata." Nikaangalia, kweli, pembe za karata zangu zilikuwa zimepinda. Sasa nikihisi karata inapinda kidoleni, nanyanyuka, nakwenda barazani. Wewe huenda ni masikio kupata moto, au goti kutikisika. Muulize mtu anayekushinda mara kwa mara, yeye anaijua.

Na pesa ya gesi, ya kodi au ya ada haiendi kwenye poka. Ukiwa umeibeba, hakuna chai itakayokutuliza, kwa sababu woga wako ni wa haki. Mimi natoka nyumbani na kiasi nilichokwisha kuagana nacho, simu naacha kwa mke wangu ili nisijitumie nyingine.

Ijumaa iliyopita nilishika wafalme wawili, shemeji akashika kumi mbili, visoda vyote vikaingia kabla ya karata kufunuliwa. Kumi ikaja ile ya tatu. Nilihisi damu inapanda shingoni kama zamani. Nikavuta daftari nikaandika: wafalme kwa kumi, nne kwa tano, nimepoteza. Shemeji akasema, "Pole shem." Nikamwambia ahsante, nikafungua chupa, nikammiminia na yeye kikombe.