Siku moja maishani mwangu: bamvua, gari ya shamba na muhuri wa masjala

Saa 10:30 alfajiri

Maji yamejaa. Nipo kitandani bado, nayasikia yanapiga mawe nyuma ya nyumba, na hapo hapo hesabu ya siku nzima inajipanga yenyewe kichwani. Leo mwezi una siku 16, bamvua, siku maji yanapojaa na kukupwa sana; yatakupwa kavu kwenye saa 4 asubuhi. Na saa 4 asubuhi ndiyo saa niliyopangiwa ofisini mjini, kwa habari ya masomo ya mwanangu.

Aliyenipangia hana kosa. Yeye anatazama saa ya ukutani. Sisi wakulima wa mwani tunatazama mwezi. Bamvua mbili kwa mwezi, siku chache kila moja, ndizo siku za kuingia shambani. Maji mafu, yasiyokupwa sana, yakifika unakaa nyumbani unafunga mbegu kwenye kamba. Siku ya bamvua ikikupita imekupita. Nimemwachia wifi yangu kamba zangu azitazame, naye ana zake za kutosha kumvunja kiuno.

Kijiji sikitaji. Ni pwani ya kusini mashariki ya Unguja, ukishapita Paje. Ukitaja kijiji umetaja skuli, ukitaja skuli umemtaja mwalimu, na mwalimu yule mimi sina ugomvi naye.

Saa 11:30

Nimeshasali, chai ya mchaichai iko mezani, boflo la jana nimelipasha. Mkoba nimeupanga tangu usiku: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi ya hospitali, na barua niliyoandikiwa na binti yangu mkubwa kwa mwandiko wake mzuri, nakala mbili.

Mwanangu huyu wa tatu hapa nitamwita Bwana Mdogo. Ana miaka 10 na yuko darasa la pili, kwa mara ya tatu. Kusema alianza akiwa na miaka mitano. Herufi hazimkai: leo anaijua a, kesho inamwangalia kama mgeni. Kelele nyingi humfanya azibe masikio akae chini ya kiti. Kabla ya kwenda hospitali tulimsomea, tukampa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, tukamwendea mzee mmoja wa Makunduchi akasema mtoto ana upepo. Sijuti, mzazi hutafuta kila mlango. Lakini hospitali walimpima masikio na macho wakayakuta mazima, daktari akaandika kwamba akili yake inakua taratibu kuliko umri wake, na kwamba skuli impatie mafunzo ya ziada yanayomfaa. Mstari mmoja tu. Huo ndio ninaoutembeza mji mzima mwaka wa pili huu.

Sasa mpe kamba. Mbegu ya mwani hufungwa kwa vikamba vidogo vidogo, fundo baada ya fundo, na Bwana Mdogo anafunga kwa kasi ya mtu mzima, halafu halegezi. Tena anahesabu kwa mafundo. Ukimuuliza kumi na saba ni ngapi atakutumbulia macho. Ukimwambia nifungie kumi na saba, utahesabu mwenyewe na utakuta kumi na saba. Kamba yake haimtoki mfukoni. Skuli hunyang'anywa, wanasema ni mchezo.

Saa 12:15 asubuhi

Gari ya shamba, ya kututoa vijijini kwenda mjini, imejaa kabla haijafika kwetu. Utingo anatupenyeza pembeni ya kapu la pweza. Baba yake Bwana Mdogo yuko dago, kambi ya wavuvi, mwezi wa pili sasa, kwa hiyo safari hizi ni zangu. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi inakula zaidi ya kilo 10 za mwani mkavu, na kilo moja kavu ni kilo saba au nane mbichi zilizotolewa majini kwa mgongo wangu. Mwani umeingia pwani hii mwaka 1989, mama zetu ndio walioanza, na mpaka leo mashamba mengi ni ya wanawake. Ule wa bei nzuri, cottonii, maji yakizidi joto unakufa, tumebaki na spinosum. Basi mtu akiniambia "mama, pita tena wiki ijayo", mimi nasikia kilo.

Jozani dereva anapunguza mwendo kwenye matuta. Kima punju wanavuka, mmoja kabeba mtoto tumboni. Gari zima linachungulia. Bwana Mdogo ametoa kamba anafunga fundo kwa kila kima. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu anageuka, anamtazama, ananitazama, anasema "maskini." Nimezoea. Mwengine huwa ananiuliza kama nilipata mshituko wakati wa mimba.

Saa 2:10

Getini mlinzi anaandika jina langu kwenye daftari. Safu ya "sababu ya kuja" naandika "mtoto", kama nilivyoandika mara zote nne zilizopita.

Benchi lina watu sita. Pembeni yangu kakaa baba mmoja wa Kaskazini na binti yake wa miaka minane, kiziwi. Wanazungumza kwa mikono, lugha waliyoitunga wenyewe nyumbani. Binti akiona njaa anafanya ishara ya kumparua samaki. Kwao hakuna mwalimu wa lugha ya alama. Skuli zenye madarasa hayo ziko mjini, na mjini hana jamaa wa kumweka mtoto. "Nihamie?" ananiuliza. "Nina ng'ombe watatu na konde la mihogo. Nihamie nao Michenzani, ghorofa ya nne?"

Tunacheka. Huyu baba kasoma. Kanieleza kwamba Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, na kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu mwaka 2009, ndani yake kuna kifungu cha elimu kinachotaka skuli ijirekebishe kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia mavyaa wangu, mama wa mume wangu, anazo hadithi za Septemba 23, 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo, namna watoto wa wavuvi walivyoingia madarasani pamoja na watoto wa mabwana. "Ndiyo," akasema, "waliingia. Sisi watoto wetu nao wameingia."

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Mara nne ulizokuja, wamekupa karatasi gani?"

Hakuna. Wamenipa maji ya kunywa, wamenipa kiti, mara moja wamempa Bwana Mdogo pipi. Karatasi hakuna.

"Basi hukuja," akasema.

Saa 4 kasorobo

Mkubwa yuko kikaoni. Nje jua limekwiva. Kwa wakati huu maji yamekimbia mpaka karibu na mwamba, wenzangu wameinama, kanga zimelowa mpaka kiunoni, kila mmoja anaimba lake. Kusi limevuma usiku kucha, lazima kamba mbili tatu zimeng'oka. Natamani nimpigie wifi, lakini nani anaingia na simu baharini?

Saa 4:25

Tunaitwa. Si mkubwa, ni dada kijana, mpole kabisa, kanipisha kiti chake chenye mto. Nasema kweli, katika ofisi hizi sijakutana na mtu mkali. Laiti ningekutana naye! Mtu mkali angenambia "hapana", nami ningejua pa kuishika. Hawa wote wananambia inshallah.

Nikamweleza upya. Kwamba miaka miwili nyuma skuli yetu ilikuwa na mwalimu mmoja aliyepata mafunzo ya elimu mjumuisho, ya kumsomesha mtoto mwenye ulemavu pamoja na wenzake. Akimkalisha Bwana Mdogo mbele, akimfundisha kwa vijiti na vifuniko vya chupa, na mtoto akaanza kuandika jina lake, herufi tatu za mwanzo. Mwalimu akapata uhamisho. Hakuletwa mwengine. Tangu hapo mwanangu anakaa nyuma, pembeni ya dirisha, darasa la watoto zaidi ya 80, anaangalia bahari.

"Lakini mama," dada akasema, "mwanao hajakataliwa. Yumo kwenye rejesta. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 inataka hivyo hivyo, mtoto mwenye ulemavu asome na wenzake, skuli ya karibu na kwao."

"Karibu ni karibu kweli. Kengele ikilia tunaisikia jikoni. Tabu yangu hasomi."

Akanyamaza. Nadhani aliona aibu kwa niaba ya watu wengi. Akasema walimu waliofundishwa ni wachache, maombi ni mengi, atalifikisha suala langu. Nikamuuliza atalifikisha wapi, kwa jina gani, kwa tarehe ipi. Nilijisikia mkorofi, sijalelewa kumhoji mtu aliyenipisha kiti. Lakini swali la yule baba lilikuwa bado linanichoma. Nikatoa barua. Nikasema, "Dada yangu, nataka vitu viwili tu. Mtoto afanyiwe tathmini pale pale skuli, wamuone na kamba yake, waandike anachoweza na asichoweza. Na nijibiwe kwa maandishi. Hata jibu likiwa hapana."

"Hapana hatusemi, mama."

"Najua. Ndiyo maana naiomba."

Akaisoma barua yote, polepole. Kisha akasema barua haipokelewi mezani kwake, inapokelewa masjala, chumba cha kusajili barua, na mzee wa masjala ametoka kidogo.

Saa 4:50 mpaka saa 7 na robo

Kidogo ya mjini.

Tumekaa. Bwana Mdogo ameziba masikio mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya jenereta. Adhuhuri imeadhiniwa, tumesali. Yule baba wa Kaskazini katoka ndani uso haumsomeki, akanipa mkono, binti yake akampa Bwana Mdogo ishara ya samaki. Basi.

Saa 7:20 mchana

Mzee wa masjala ana miwani iliyofungwa uzi. Akafungua daftari kubwa, akaandika tarehe, namba ya barua na jina langu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba na nakala yangu ugonge." Akanitazama juu ya miwani. "Nani kakufundisha?" Nikamwambia benchi.

Akagonga. Paa! Nikamgeukia Bwana Mdogo haraka, nikijua atajitupa chini. Wapi. Kaganda, mdomo wazi. Akanyoosha kidole kwenye muhuri. Mzee akaelewa bila kuambiwa, akachukua kipande cha karatasi kibovu, akamshika mkono, wakagonga pamoja. IMEPOKELEWA. Wakagonga tena. Mara tano. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna na mzee hajali. "Huyu namuajiri," akasema.

Katika siku nzima, huyo ndiye mtu wa serikali aliyemfundisha mwanangu kitu.

Saa 8:30

Mwanakwerekwe, urojo wa harakaharaka, mie nusu yeye moja na nusu. Gari.

Saa 11 jioni

Tumeshuka. Njiani tumekutana na mwalimu wake anarudi nyumbani, mkoba wa madaftari begani. Akaniuliza safari imekwendaje, nikamwonyesha nakala. Akausoma muhuri kwa muda mrefu kuliko barua. "Mimi mwenyewe niliandika mwaka jana kuomba mwalimu msaidizi," akasema. "Nakala sikugongesha." Ana madaftari zaidi ya 80 ya kusahihisha, na taa ya kwao ni ya kubahatisha. Nimwambie nini? Nikambebea mkoba mpaka kona.

Saa 4 usiku

Maji yamekupwa tena, lakini usiku siingii. Wifi kaniletea habari: kamba nne zimekatika, mbegu nyengine kaokota ufukweni, ziko kwenye pakacha mlangoni. Lazima zifungwe leo, kesho zitakuwa zimelegea. Nakala nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, nimeichomeka kwenye boriti juu, ambapo panya hafiki. Kwenye kalenda nimetia alama baada ya wiki mbili. Nimetazama mwezi kwanza: inaangukia bamvua ya mwezi mwandamo. Haya.

Bwana Mdogo hataki kulala. Kakaa kwenye mkeka ananifungia mbegu, na kila akimaliza kamba moja anagonga sakafu kwa kifuniko cha chupa: paa! Mavyaa wangu kachukua ile kamba ya safarini, anamuuliza mafundo haya ya nini. "Kima." Kumi na moja. Na haya makubwa matano, pembeni? Akagonga kifuniko.

Nikamwambia alale sasa, kesho skuli.

Akaichukua kamba kwa bibi yake, akaificha nyuma ya mgongo.