Namna Ninavyokuza Msamiati Wangu Siku Hadi Siku

Wengi wanaotaka kupanua msamiati wao huanza kwa kulijaza daftari maneno mapya na maana zake, kisha baada ya muda hushangaa kwamba wanapozungumza au kuandika bado wanarudia yale yale waliyoyazoea. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba kulielewa neno unapokutana nalo ni jambo moja, na kulipata unapolihitaji ni jambo jingine kabisa. Kila mmoja wetu huelewa maneno mengi kuliko anayoyatumia, na pengo hilo halizibwi kwa kurefusha orodha. Huzibwa kwa kujizoeza kulivuta neno kutoka kwenye kumbukumbu, mara kwa mara, bila kulitazama.

Imani hiyo ndiyo inayopanga ratiba yangu. Ninasoma kila siku, lakini sisimami kwenye kila neno nisilolijua, kwa kuwa kufanya hivyo hukata mtiririko na kuondoa ladha ya kusoma. Ninatia alama maneno machache tu, hasa yale yaliyojitokeza zaidi ya mara moja, au yale ambayo nisipoyaelewa hoja ya mwandishi inanipotea. Ninakisia maana kwanza kwa kuzingatia muktadha, ndipo ninafungua kamusi. Kukisia huko kuna faida hata ninapokosea, maana akili iliyokwisha kujiuliza swali hulipokea jibu kwa makini zaidi.

Lugha yetu humsaidia sana mwenye kuujua muundo wake. Anayekutana na kitenzi "hawakutambulishwa" hatakipata katika kamusi kwa sura hiyo. Ni lazima aondoe viambishi kimoja baada ya kingine hadi afike kwenye "tambua", na akishafika hapo atakuta ukoo mzima unamsubiri: tambulika, tambulisha, utambuzi, utambulisho, kitambulisho. Mimi huuandika ukoo wote mahali pamoja, kwa sababu neno moja huwakumbusha ndugu zake. Nomino huiandika pamoja na upatanisho wake, kwa mfano "waraka huu, nyaraka hizi", kwani neno ambalo mtu hana hakika na ngeli yake atalikwepa kila atakapotaka kuliandika, na hatimaye litampotea. Chini yake ninatunga sentensi yangu mwenyewe inayohusu jambo ninalolifahamu vizuri, wala sinakili mfano wa kamusi.

Baada ya hapo suala linabaki kuwa la muda. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima ni kiasi gani cha kazi alichookoa alipozikariri upya. Baada ya saa moja tu, akiba hiyo ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na baada ya siku 31 ilibaki takriban moja ya tano. Jambo la kuzingatia ni kwamba mporomoko mkubwa hutokea mapema, kisha kasi hupungua. Ndiyo maana ninalirudia neno jipya siku hiyo hiyo kabla ya kulala, tena kesho yake, kisha ninaachanisha vipindi kadiri linavyozidi kukaa. Mwandishi Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 utaratibu wa kadi na sanduku lenye vyumba: kadi uliyoijibu sawasawa husogea kwenye chumba kinachofunguliwa kwa nadra zaidi, na ile iliyokushinda hurudi mwanzo. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo, ingawa vipande vya karatasi vinatosha. La muhimu ni kufunika jibu na kujiuliza, kwa sababu kuyapitisha macho juu ya orodha humpa mtu hisia ya kujua bila kumwongezea ujuzi.

Tabia ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, ni kuyapitia maandishi yangu nikiwinda maneno ya uvivu. Kwangu neno kubwa la uvivu ni "fanya". Nikiandika kwamba fulani alifanya mkutano, msomaji hajui kama aliuitisha, aliuendesha au aliuhudhuria, na hayo ni mambo matatu tofauti. Ninapolazimika kuchagua, ninalazimika pia kujua nilichotaka kusema. Vivyo hivyo kwa "kitu", "mambo" na "sana", ambayo mara nyingi husimama mahali ambapo neno mahususi lingeweza kukaa. Sisemi kwamba maneno hayo yafukuzwe, wala sipendi maandishi yaliyosheheni misamiati migumu ili kumtisha msomaji. Neno adimu lina haki ya kutumika pale tu linapoeleza kitu ambacho neno la kawaida haliwezi kukieleza.

Kusoma peke yake hakutoshi, kwa sababu maneno mengi ya kazi za mikono hayaandikwi mara kwa mara. Nikimkuta seremala kazini humwomba anitajie vifaa vyake, na ninapoona randa ikilainisha ubao, patasi ikichonga tundu na keekee ikitoboa, kila jina linashikamana na kitendo chake. Siku ile ile ninamsimulia mtu wa nyumbani nilichokiona, nikiyatumia majina hayo bila kutazama daftari, na lile linaloniponyoka katikati ya simulizi ndilo ninaloanza nalo kesho yake.