Gata tumeweza, vidonge vya Bibi bado

Jumatano iliyopita tulikaa chini ya mwembe wa zahanati, wajumbe sita wa kamati yake pamoja na mganga mfawidhi, tukabishana karibu saa mbili nzima juu ya gata, ile mifereji ya paani ya kukinga maji ya mvua. Gata tu! Za upande wa chumba cha kujifungulia ziling'oka mvua za mwaka juzi, simtanki likabaki tupu, na mama mwenye uchungu akawa anakuja na wifi yake nyuma kabeba ndoo ya maji. Tukakubaliana, muhtasari ukaandikwa, tukasaini. Jumatatu fundi alikuwa juu ya ngazi.

Mimi ni mfuga nyuki huku Sikonge, na tumbaku nalima kidogo. Kwenye kamati ya zahanati hiki ni kipindi changu cha pili. Zamani barua ya gata ingepelekwa wilayani, ikalala kwenye faili hadi masika mengine. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Si nyingi, na zina siku zao za kuchelewa, lakini zikiingia tunazijua, na mpango wa kuzitumia tunaupanga sisi.

Marehemu baba alikuwa akicheka akisikia neno ugatuaji, yaani kushusha madaraka ya kuamua yafike kwa watu wa chini. Mwaka 1972, alisema, walituletea kitu kinaitwa Madaraka Mikoani, halmashauri zikafutwa, wakaja maofisa kutoka juu. Madaraka yalifika mikoani kweli, ila yalikuja na wenyewe. Halmashauri zilirudi 1984.

Mkoa wetu wa Tabora una historia yake katika mambo haya. Mfuko wa Afya ya Jamii, ile bima ya matibabu ya kuchangia kwa kaya, ulianza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya 1990, kabla ya sheria yake ya 2001. Ulipokuja kuboreshwa, kadi ikawa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na mtu akawa anaweza kutibiwa nayo hadi hospitali ya mkoa. Hilo lilikuwa jema. Lakini kapu la fedha nalo lilipanda likakaa mkoani. Na waandikishaji, jamani, walikuja kwetu Januari! Mkulima wa tumbaku Januari ana nini mfukoni zaidi ya deni la mbolea? Ungeuliza mtu yeyote hapa kijijini angekwambia: subirini masoko yafunguliwe.

Kinachoninyima usingizi ni Bibi mmoja wa kitongoji cha pili. Sera inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiyejiweza atibiwe bure. Haya. Alikwenda kwa mtendaji siku tatu mfululizo ndipo akapata barua ya msamaha. Akaja nayo zahanati, nesi akamwambia kwa adabu, "Bibi, vidonge vya presha vimeisha, kanunue duka la dawa." Nilikuwepo. Bibi akanigeukia mimi, si nesi.

"Mwanangu, sasa barua hii niimeze?"

Sikuwa na jibu. Msamaha uliamuliwa mbali, lakini gharama yake inatoka kwenye kikapu chetu hiki hiki cha gata na sabuni. Kila anayesamehewa ni dawa imetoka na shilingi haijaingia. Afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ndiyo watu kama Bibi, yuko makao makuu ya wilaya. Bodaboda kwenda na kurudi ni 15,000. Mwenye 15,000 angeshanunua vidonge.

Kwa hiyo Jumatano, baada ya gata, nilileta hoja: tutenge fungu dogo la dawa za wazee. Mwenyekiti akauliza tutaanza na mzee yupi na tutamwacha yupi. Watu wakatazama chini. Mmoja akaokota embe lililodondoka, akalifuta kwa kanzu. Ikaandikwa kwamba hoja itajadiliwa kikao kijacho, na vikao vyetu ni kila robo mwaka.

Bibi amesema atapita tena Ijumaa.